Duka Lilikufa, Chuo Kikabaki

Mwezi wa Agosti 1998, huko Japani, kampuni ya Okura Shoji ilifilisika. Ilikuwa mrithi wa nyumba ya biashara iliyofunguliwa mwaka 1873, na jina lake lilijulikana tangu Tokyo hadi London. Miaka miwili baadaye chuo kilichoanzishwa na mwenye nyumba hiyo ya biashara, kwa fedha zilizotoka katika biashara ileile, kilitimiza miaka 100. Duka lilikufa, chuo kikabaki. Mimi nimelipima jambo hili mara nyingi na nimeona kwamba linatuhusu sisi tulio na mali na sisi tulio na watoto. Msomaji anivumilie nimweleze chuo hicho kilitoka wapi.

Mtu mwenyewe ni Okura Kihachiro, aliyezaliwa 1837 katika mji wa Shibata, jimbo la Echigo. Zamani zile Wajapani walipangwa kwa daraja: samurai juu, kisha wakulima, kisha mafundi, na wafanyabiashara mwisho kabisa. Hata tajiri mwenye maghala alipaswa kumwinamia askari aliyemkopesha. Mtoto wa biashara hakupelekwa shule ya biashara, kwa kuwa haikuwapo. Alitiwa dukani angali mdogo, akafagia, akatumwa, akajifunza kuhesabu kwa shanga za soroban huku akikaripiwa. Okura naye alipita njia hiyo. Aliingia mji ambao leo ni Tokyo akiwa kijana wa miaka 17 hivi, akafanya kazi katika duka la samaki mkavu, yule wa kukaushwa kwa moshi hadi akawa mgumu kama ubao. Mwaka 1857 akafungua duka lake mwenyewe, na miaka kumi baadaye akaliacha akaanza kuuza bunduki.

Sitalificha hilo la bunduki. Utawala wa zamani ulikuwa unaanguka, vita vilikuwa mlangoni, naye alipata faida kubwa kwa kuwauzia silaha waliopigana. Baadaye alilihudumia jeshi la nchi yake katika vita na China na vita na Urusi, akawekeza Korea na Manchuria wakati Japani ilipokuwa ikizitia mkononi nchi hizo. Anayetaka kumfanya mtakatifu asije kwangu. Lakini nasi tuseme kweli: wenye mali iliyotoka pabaya ni wengi duniani, na wengi wao hawakuacha nyuma yao hata ubao mweusi wa darasa.

Mwaka 1872 Okura alisafiri kwa nauli yake mwenyewe kwenda Marekani na Ulaya kutazama watu wanavyofanya biashara. Aliporudi akafungua kampuni yake, na mwaka 1874 akaweka tawi London. Huko nje aliona aibu ambayo Wajapani wengine wachache nao walikuwa wameanza kuiona: biashara ya nje ya nchi yao ilikuwa mikononi mwa wageni waliokaa bandarini Yokohama. Mjapani alileta hariri na chai mpaka mlangoni kwa mgeni, na kuanzia hapo bei, meli, bima na hawala vyote vilikuwa vya mgeni. Haikuwa kwa sababu mgeni alikuwa na akili zaidi. Mgeni alikuwa amesoma.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo lingeeleweka vizuri Tokyo ya miaka hiyo. Mwaka 1873 Fukuzawa Yukichi, mwanzilishi wa shule ya Keio, alianza kuchapisha kitabu cha kutunza hesabu alichokifasiri kutoka Kiingereza. Mwaka 1875 Mori Arinori alifungua shule ndogo ya biashara katika mtaa wa Ginza, ghorofani juu ya duka la vyakula, akamwita Mmarekani Whitney aje kufundisha. Shule hiyo ikachukuliwa na serikali, na leo ndiyo Chuo Kikuu cha Hitotsubashi. Lakini serikali haiwezi kufungua milango yote, na mtoto wa muuza duka alihitaji mlango wa karibu.

Ndipo mwaka 1898, akiwa ametimiza miaka 60, Okura alipotangaza kwamba anatoa yeni 500,000 za mfukoni mwake kujenga shule ya biashara. Wakasimama naye Shibusawa Eiichi, mtu aliyekuwa na mkono katika kuanzishwa kwa mamia ya kampuni na ambaye sura yake tangu 2024 iko kwenye noti ya yeni 10,000, na Ishiguro Tadanori, daktari wa jeshi na rafiki wa mwenye fedha. Mwaka 1900 Shule ya Biashara ya Okura ikafungua milango Akasaka, katika mtaa wa Aoi, mtaa uleule aliokaa Okura mwenyewe. Mwaka 1907 akafungua nyingine Osaka, na nyingine Seoul. Hiyo ya Seoul haikuepuka kivuli cha utawala wa Kijapani uliokuwa ukiwafunika Wakorea.

Maneno mawili aliyowaachia wanafunzi wake yamedumu hadi leo. La kwanza ni shin-isso, maana yake ukikutana na ugumu usirudi nyuma, piga hatua moja zaidi. La pili ni wajibu na kuaminika. Angalia hapo hakusema faida. Muuza bunduki huyu, aliyejua faida kuliko sisi sote, alipofikiria kijana afundishwe nini, alichagua kuaminika. Leo vijana wetu wanaingia vyuo vya biashara wakitafuta njia ya kupata haraka, na walimu wengine wanawakubalia. Nawasihi walimu hao wafikiri upya. Mteja aliyedanganywa mara moja hahitaji shahada kukukimbia.

Shule ilikua, na mwaka 1920 ikawa shule ya juu ya biashara. Okura akafariki 1928, akiwa na miaka 90. Kisha vikaja vita, na katika mashambulizi ya ndege ya Mei 1945 majengo ya Akasaka yakateketea. Mwaka uliofuata masomo yakahamishiwa Kokubunji, magharibi ya Tokyo, wakati ule bado ni mashamba na miti. Juu ya hayo, Wamarekani waliokuwa wakiitawala Japani iliyoshindwa waliamuru makampuni makubwa ya koo za matajiri yavunjwe, na nyumba ya Okura ikawamo. Basi shule ikawa haina majengo, haina tajiri, na sheria mpya ya elimu inataka ama iwe chuo kikuu ama ibaki nyuma.

Hapa ndipo nataka msomaji akae kidogo, maana hapa ndipo chuo kilipozaliwa mara ya pili, na mara hii hakikuzaliwa na tajiri. Wanafunzi, walimu na waliomaliza zamani walisimama wakasema shule hii ni yetu. Wakachangishana, katika mji ambao watu wake walikuwa wakipanga foleni ya chakula. Mwanafunzi ambaye angeweza kusema, na haki angekuwa nayo, kwamba mwenye shule ameanguka nami naenda zangu, alikwenda kuomba michango. Mwaka 1949 wakapata walichokitaka. Chuo kikapewa jina jipya, Chuo Kikuu cha Uchumi cha Tokyo, Tokyo Keizai kwa lugha yao, na jina la Okura halikuwamo tena. Kilichobaki cha mtaa wa zamani ni jina la Aoi, wanaloliita tamasha lao la kila mwaka.

Kilianza na kitivo kimoja cha uchumi. Mwaka 1964 kikaongezwa cha uongozi wa biashara, 1995 cha mawasiliano, na 2000 cha sheria. Hayo nayapita upesi.

Lakini siwezi kulipita jambo la mwaka 1968. Kuna watu husema chuo cha biashara kifundishe biashara tu, mengine ni kupoteza ada. Tokyo Keizai kilikuwa kimemwajiri mwanahistoria, Irokawa Daikichi. Mwezi wa Agosti mwaka ule aliwachukua wanafunzi wake hadi bonde la Fukasawa, Itsukaichi, milimani magharibi ya Tokyo, wakafungua ghala la udongo lililochakaa la ukoo mmoja wa pale. Ndani, kati ya karatasi zilizoliwa na wadudu, wakakuta rasimu ya katiba ya mwaka 1881 yenye vifungu 204, iliyoandikwa na Chiba Takusaburo, mwalimu wa shule ya kijiji, baada ya mijadala na wenyeji. Watu wa kijijini walikuwa wamejadili haki za raia miaka minane kabla mfalme hajawapa katiba yake, na nchi nzima ilikuwa imesahau. Malkia Michiko mwenyewe aliitaja rasimu hiyo mwaka 2013 kwa heshima kubwa. Waliofungua ghala lile walikuwa mwalimu na wanafunzi wa chuo kilichoanza kwa kufundisha daftari la hesabu. Mzazi unayemkataza mwanao kusoma historia kwa sababu haina mshahara, lifikirie ghala lile.

Leo chuo kiko palepale Kokubunji. Chini ya mteremko, mahali palipokuwa shamba la wasabi, chemchemi zinatoa maji na kuyakusanya katika bwawa dogo linaloitwa kwa jina la Kitazawa Shinjiro, aliyekuwa mkuu wa chuo. Naye mjukuu wa mfanyabiashara wa leo anakaa kwenye dawati bila kumjua mtu aliyelilipia dawati la kwanza.

Sasa nageuka kwako, tajiri unayesoma gazeti hili. Usingoje wosia. Okura alitoa akiwa hai, akaishi miaka 28 baada ya shule kufunguliwa, akawaona vijana wakitoka na vyeti mkononi. Tenga fungu ambalo warithi wako hawataligombea na wadai wako hawatalikamata. Litie katika shule, uiweke mikononi mwa watu wazima wasio wa ukoo wako, watakaoweza kukukatalia. Na ninyi mliosomeshwa na shule za namna hiyo, ambazo leo paa zinavuja na maktaba zimefungwa, msingoje mwenye shule afufuke. Kusanyikeni mwezi huu, mchange.