Chumba kimoja na mtoto mdogo: alichonifundisha dereva wa lori

Jumamosi moja mwaka jana nilikuwa nafua nje, binti yangu wa miaka miwili na nusu akicheza ndani. Nikasikia kikohozi cha ghafla, kisha kilio. Nilipoingia nilimkuta ameshika chupa ya maji ya kunywa, gauni limelowa mbele. Harufu ndiyo iliyonijulisha kilichokuwamo: mafuta ya taa.

Chupa ile niliiweka mwenyewe chini ya meza. Sikuwa na pengine pa kuiweka.

Jirani yangu, mama mtu mzima anayenisaidia sana kulea, alikuja mbio na kikombe cha maziwa. “Mnyweshe, atapike atoe sumu!” Nilimshukuru, nikamwambia hapana, mama. Mtoto akinywa mafuta ya taa hatapishwi, wala hapewi maziwa. Hatari yake kubwa iko kwenye mapafu kuliko tumboni. Akitapika, mafuta hupanda na kuingia njia ya hewa, na yanaweza kumletea nimonia kali. Nilimvua gauni, nikamwosha ngozi kwa maji na sabuni, tukapanda bajaji hadi hospitali, chupa mkononi ili daktari aone alichokunywa. Alikaa chini ya uangalizi mpaka jioni, tukarudi naye salama.

Njiani nilijiuliza: mimi ninayeandika habari za afya kila wiki, chupa ilifikaje chini ya meza? Jibu lilikuwa chumba chetu.

Tunaishi chumba kimoja cha kupanga hapa Dar es Salaam, futi 10 kwa 10. Kitanda ni tano kwa sita. Piga hesabu: kati ya futi za mraba 100, kitanda peke yake kimekula 30. Zinazobaki ni za kabati, meza, ndoo za maji, vyombo, kiroba cha unga, na mtoto anayetaka kukimbia. Najua wengi mnaonisoma mko kwenye chumba kama hiki, pengine mkiwa watano.

Somo la kabini

Wiki ile baba mdogo alikuja kumjulia hali mjukuu wake. Yeye ni dereva wa lori, Dar hadi Lubumbashi. Baada ya shikamoo na marahaba alikaa kitandani, maana kiti kilikuwa kimejaa nguo, akatazama chumba kimya kimya. Kisha akasema: “Mwanangu, hapa ni pakubwa mara kadhaa kuliko kabini yangu, na mimi humo nalala wiki tatu.”

Akanieleza. Nyuma ya viti kuna kitanda chembamba. Nguo ziko kwenye begi moja, na begi lina mahali pake. Sufuria zinaingia moja ndani ya nyingine. Jiko na mafuta haviingii kabini kabisa, vinakaa kwenye boksi la nje ubavuni mwa gari. Hakuna kitu kinachowekwa “hapa kwanza”, kwa sababu kwenye kona kali hicho ndicho kitakachokupiga kichwani. Dereva, alisema, anapopanga haanzi kwa kuuliza nafasi iko wapi. Anaanza kwa kuuliza ni kipi kinaweza kumuumiza.

Tulikipanga chumba upya mchana ule ule, kwa utaratibu wake.

1. Anza na vya hatari

Kabla hujasogeza hata stuli, kusanya kitandani kila kinachoweza kumdhuru mtoto: mafuta ya taa, dawa ya kufulia na ya kusafishia choo, dawa za mende na panya, viberiti, visu, wembe, dawa za hospitali. Usisahau zile betri ndogo bapa za saa na rimoti. Mtoto akimeza moja, inaweza kuunguza koo lake kwa ndani katika saa chache tu. Hilo ni la kukimbilia hospitali hata kama anaonekana mzima.

Vyote hivi vinakaa juu, pasipofikiwa na mtoto aliyepanda kitanda au stuli, ndani ya boksi lenye mfuniko wa kubana. Kila kimoja kibaki kwenye chombo chake cha dukani. Mafuta ya taa yana kidumu chake. Kamwe yasiwekwe kwenye chupa ya maji au ya soda, kwa sababu mtoto anaijua chupa kwa umbo lake. Dawa ya kufulia ya klorini na ile ya choo zisichanganywe, hutoa hewa yenye sumu.

Dawa za hospitali zitenge na kemikali. Zitafutie kopo lao, mahali pakavu, mbali na jiko na dirisha la jua. Humo weka pia pakiti za ORS na vidonge vya zinki, ili mtoto akiharisha usiku usianze kupekua mabegi.

2. Chini ya kitanda

Hapa ndipo penye ghala la chumba kimoja. Kwetu kitanda kilikuwa chini mno, nikamwita fundi seremala akaongeza miguu. Kuna wanaokiinua kwa matofali, lakini mtoto akirukaruka tofali linaweza kuhama.

Weka huko nguo za baridi, mashuka na vitu vinavyotumika mara chache, kwenye makontena ya plastiki yenye mifuniko. Kama una sanduku la bati, lifunge kwa kufuli. Watoto hupenda kujificha humo, na likijifunga wanakosa hewa. Kila wiki vuta kila kitu nje ufagie, maana mbu hupenda kujibanza kwenye giza mchana.

Visivyokaa chini ya kitanda: chakula, kemikali na mtungi wa gesi.

3. Ukuta na mlango

Muulize mwenye nyumba kwanza kuhusu misumari. Wangu alikubali rafu moja tu. Rafu hiyo ikabeba boksi la vya hatari, juu ya mlango. Nyuma ya mlango nikatundika mfuko wa viatu wenye vijumba vingi. Vijumba vya chini ni vya viatu na vinyago vya binti yangu, anavifikia na kurudisha mwenyewe. Vya juu ni vya chanuo, chaja na karatasi za kliniki.

Vizito vikae chini. Televisheni iliyokuwa juu ya kabati tuliishusha kwenye meza fupi, na kabati tukalifunga ukutani. Mtoto akivuta droo na kuzipanda kama ngazi, kabati zima linaweza kumwangukia. Chandarua asubuhi kifungwe fundo juu, usiku kishuke na kuchomekwa chini ya godoro.

4. Moto, maji na unga

Jiko la mkaa lisiingie ndani usiku, hata kama makaa yanaonekana yamekwisha. Makaa hayo bado hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na watu waliolala hufa bila kuamka. Mtungi wa gesi usimame wima karibu na mlango au dirisha. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutulia chini, wanakolala watoto. Ukisikia harufu yake usiwashe wala kuzima taa: funga mtungi, fungua mlango, toeni watoto nje.

Ndoo na madumu ya maji yawe na mifuniko inayobana. Mtoto mdogo akitumbukia kichwa kwenye ndoo yenye maji kidogo tu anaweza kuzama. Pia mbu wa dengue huzaliana kwenye maji ya wazi ya nyumbani.

Kiroba cha unga au mahindi kiinuliwe juu ya vipande vya mbao, kisiguse sakafu wala ukuta. Unyevu huleta ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu walifariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Chakula kilichoota ukungu kitupwe, kukichambua au kukipika hakukifanyi salama.

Kilichotupa nafasi zaidi

Fundi, rafu na mfuko wa viatu vilinigharimu Sh35,000 jumla. Lakini nafasi kubwa kuliko zote haikununuliwa. Ilipatikana kwa kutoa. Baba mdogo aliuliza juu ya kila kitu: “Hiki mara ya mwisho umekitumia lini?” Kilichokuwa hakijaguswa tangu masika kilitoka. Viliondoka viroba viwili vya nguo zilizombana mtoto, sufuria zisizo na vishikio, na feni mbovu niliyokuwa naitunza kwa matumaini. Meza ikabaki na nafasi chini yake, na mwanangu akapata pa kuchezea.

Mwezi uliopita baba mdogo alipita tena akitokea Tunduma. Kabla hajaketi, mjukuu wake alimvua viatu, akavipeleka nyuma ya mlango, akahangaika kuviingiza kwenye kijumba kidogo mno. Tulicheka sana, lakini aliwahi kujua kwamba kiatu kina pake.

Mzazi mwenzangu, usiku huu kabla hamjalala, piga magoti katikati ya chumba chako, usawa wa mtoto wako. Angalia pande zote, unyooshe mkono. Chochote unachokigusa ukiwa hapo, naye anakigusa. Kama kuna chupa ya maji ambayo ndani yake si maji, anza na hiyo.

Tukutane wiki ijayo.