Risasi Inalala Wapi?

Siku hizi wapo wanaume wazima, wenye heshima zao na leseni mfukoni, ambao wakikutana hawana hadithi nyingine ila bastola. Mmoja husifu Glock 17 ya Austria kwa wepesi wake na risasi zake 17. Mwingine huapa kwamba hakuna kama Colt ya mwaka 1911, ingawa magazini yake ya asili ilibeba 7 tu. Sina ugomvi na sheria inayowaruhusu kumiliki. Ugomvi wangu ni na jibu lao ninapowauliza wanaiweka wapi: "Chini ya mto, Mwalimu, na risasi zimo. Mwizi hapigi hodi."

Jibu hilo hutolewa kwa majivuno. Mimi nauita uzembe uliovikwa joho la ushujaa.

Nilifundisha walimu kwa miaka mingi. Chuoni kwetu chupa za asidi zilikaa kabatini, kabati lilifungwa, na ufunguo ulikuwa na mwenyewe. Hatukumsifu mwalimu wa kemia kwa kujua majina ya asidi. Tulimpima kwa jinsi alivyozitunza. Kwa nini mwenye bastola apimwe kwa mizani nyepesi zaidi?

Husema silaha iliyofungiwa haina faida. Haya, tuhesabu. Mwizi huenda asije maisha yako yote. Lakini mtoto yumo nyumbani kila siku, na hakuna droo asiyoifungua. Hasira za mume na mke zimo. Kijana aliyekata tamaa baada ya matokeo ya mtihani yumo. Hao wote watafika chini ya mto kabla ya mwizi. Na mwizi mwenyewe akija mchana mkiwa kazini, atakuta amewekewa zawadi.

Tena wapo wanaochomoa magazini wakadhani wamemaliza kazi. La hasha! Risasi moja yaweza kuwa imebaki ndani ya chemba, na bastola nyingi zitaifyatua hata kama magazini umeishika mkononi. Hiyo Glock wanayoisifu kwa kawaida haina hata kitufe cha nje cha kuifunga. Kinga zake huachia pale kifyatuo kinapovutwa, awe amekivuta askari au mtoto mdogo.

Sheria yetu ya mwaka 2015 imetaja vyote viwili katika jina lake: silaha na risasi. Wapenzi wa bastola wamesoma neno la kwanza, la pili wakaliruka.

Basi, ndugu msomaji mwenye leseni, toa risasi, kagua chemba kwa macho yako, fungia bastola katika sanduku la chuma. Risasi zifungie mahali pengine pakavu, na ufunguo usikae pale watoto wanapoujua. Ukiona kazi hiyo ni nzito, irudishe polisi hiyo bastola pamoja na leseni yake. Asiyeweza kutunza ufunguo hawezi kukabidhiwa roho za watu.