AKINA MAMA WENYE KANSA WASIACHWE PEKE YAO

Kila mwaka ifikapo Oktoba, akina mama huhimizwa kupimwa matiti mapema. Wito huo ni wa haki, kwani kansa ya titi ni ya pili kwa kuwapata wanawake nchini baada ya ile ya shingo ya kizazi, na wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa umekwisha kuenea. Lakini wito huo hautaji hali ya moyo ya mama aliyeitika, akapimwa, na sasa anatibiwa.

Kwa mkazi wa Karagwe au Kyerwa, matibabu hayo ni safari. Tiba ya mionzi hufuatwa Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Dawa za dripu hutolewa kwa awamu, mara nyingi kila baada ya wiki tatu. Nywele hunyonyoka, chakula hakipiti, na wengine hukatwa titi. Baada ya upasuaji mkono huweza kuvimba, mama akashindwa kushika jembe au kubeba mkungu wa ndizi. Mahali ambapo heshima ya mwanamke hutazamwa kwenye kibanja chake na kwa watoto anaowanyonyesha, hasara hiyo si ya mwili tu.

Hofu, aibu na sonona zinazofuata si upungufu wa imani wala kurogwa. Ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Hata hivyo wengi hunyamaza, kwa sababu kwa miaka mingi maradhi ya akili yametajwa pamoja na jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka 1927, na hakuna apendaye kuhesabiwa miongoni mwa watu wa huko. Aliyekata tamaa huweza kuacha tiba katikati, na hapo jasho la madaktari na fedha za ukoo hupotea bure.

Watakuwapo watakaosema kwamba hospitali zetu zina uhaba wa watumishi. Ni kweli. Lakini kuuliza hakuhitaji mtambo. Muuguzi wa Nyakahanga au Isingiro anaweza kumwuliza mgonjwa anavyolala, anavyokula na nani anamsaidia nyumbani, akayaandika katika jalada lake, kisha akamwelekeza kwa ofisa ustawi wa jamii au kwa daktari. Sonona inatibika.

Kwa hiyo tunazishauri halmashauri zote mbili ziwakutanishe akina mama waliomaliza tiba na wale wanaoianza, kwani maneno ya aliyeipitia njia hiyo yana uzito kuliko hotuba. Viongozi wa dini nao wakemee minong'ono ya uchawi. Na waume, ambao baadhi yao hukimbia nyumba wakati huo, wajue kwamba kumsindikiza mke hospitali ni wajibu, si fadhila.

Kumwita mama mapema kisha kumwacha abebe mzigo peke yake ni kufanya nusu ya kazi.