"Namshukuru Mungu": jibu linaloficha hatari wodini

Mwenye mgonjwa aliyetoka kupasuliwa, soma hili kabla hujaenda kumtazama jioni ya leo.

Nilikaa kando ya kitanda cha shangazi yangu, siku ya pili baada ya kupasuliwa tumbo. Nesi akapita na mafaili. "Shikamoo mama, unaendeleaje?" "Marahaba mwanangu, namshukuru Mungu." Faili likaandikwa: hali nzuri. Nami nilikuwa nimemwona akikamata shuka kwa ngumi kila kikohozi kilipomjia, kisha akakimeza ili mshono usitikisike. Nilipomuuliza mbona hakusema, akaninong'oneza kwamba yule binti ana wagonjwa wengi.

Simlaumu nesi. Swali lile kwetu ni salamu, na salamu ina jibu lake tangu utotoni; hata aliyefiwa huanza na "salama" ndipo aseme yaliyomfika. Hospitali ikipima ubora wa tiba ya maumivu kwa salamu, au kwa fomu ya siku ya kuruhusiwa inayouliza kama umeridhika na huduma, itapata alama za juu huku watu wakikesha kwa uchungu. Mgonjwa huridhika kwa sababu alisemeshwa vizuri na anarudi nyumbani hai.

Kikohozi kilichomezwa kina gharama. Asiyeweza kukohoa wala kuvuta pumzi ndefu hujaza makohozi kifuani, na nimonia huanzia hapo. Asiyethubutu kuteremka kitandani, damu yake inaweza kuganda miguuni, na bonge hilo likipanda hadi kwenye mapafu huua. Wa kuogopewa zaidi ni aliyevunjika mguu, akafungwa plasta ngumu au kuwekewa chuma. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, yakawa hayasikii dawa, yakapanda vidole vikinyooshwa, huenda msuli unabanwa ndani na kukosa damu. Zinabaki saa chache tu, kama 6, kabla haujaanza kufa. Anayeambiwa avumilie mpaka asubuhi anaweza kuamka na mguu usiookoleka.

Kwa hiyo uliza kwa namba, na uulize akijisogeza. "Shangazi, sifuri ni kutoumwa kabisa, kumi ni maumivu yasiyo na mfano. Ukilala tuli?" Tatu. "Ukikohoa?" Nane. Nesi alipoisikia ile nane alileta sindano, na baada ya nusu saa akarudi kuuliza tena. Tano. Huko kurudi ndiko kunakokosekana katika wodi nyingi nilizopita, na bila namba ya pili hakuna ajuaye kama dawa ilifanya kazi.

Wakuu wa hospitali, namba nayo msiifanye sanamu. Marekani walifungamanisha malipo ya hospitali na majibu ya wagonjwa kuhusu maumivu. Mwaka 2016, janga la dawa za jamii ya mofini likiwa limeshaua maelfu kwa maelfu, serikali ilitangaza kuyaondoa maswali hayo kwenye hesabu ya malipo, kwa hofu kwamba yanawasukuma madaktari kuandika dawa hizo kupita kiasi. Pimeni maumivu, pimeni na usingizi na pumzi. Mgonjwa aliyechomwa mofini au pethidini akisinzia hadi haitikii vizuri ukimwita, au akivuta pumzi chini ya 10 kwa dakika, usifurahi kwamba sasa amepumzika. Ita watu hapo hapo.

Wala usimpenyezee dawa ya dukani chini ya mto. Diklofenaki juu ya ile aliyokwisha kuchomwa inaweza kuharibu figo na kuvujisha damu tumboni. Parasetamoli huuzwa kwa majina mengi, na mtu mzima hapaswi kuvuka gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, majina yote yakijumlishwa.

Jioni ukifika, msalimie kama kawaida, mwache ashukuru. Kisha mwambie akohoe, umuulize ni ngapi. Akisema nne au zaidi, usitoke wodini kabla namba hiyo haijaandikwa kwenye faili lake na mtu hajaja kumwona.