JIKO LETU: Kastadi bila ya kopo



Siku ya Idi iko karibu. Umekwenda dukani hapa Wesha kutafuta kopo la kastadi. Muuza duka anakwambia, "Imekwisha, bibi. Ngoja mzigo mwengine." Unarudi nyumbani na kikapu kitupu. Lakini nyuma ya nyumba yako kuna muhogo.

Shida hii si mpya. Wazee wa Pemba wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1970. Wakati ule mchele, unga wa ngano na sukari viligawiwa kwa kipimo. Watu walipika walichokuwa nacho.

Hebu tutazame ndani ya kopo mna nini. Wengi hudhani mna mayai. Hamna. Mna wanga wa mahindi, rangi ya manjano na kitu cha kunukiza. Unga huo ulianza Uingereza mwaka 1837. Bwana Alfred Bird wa mji wa Birmingham alikuwa mtengeneza dawa. Mke wake alidhurika akila mayai. Basi yeye akatia wanga badala ya mayai. Kumbe hata hiyo kastadi ya kopo ni badala ya kitu kingine!

Na wanga hata muhogo unao. (Nasema wanga wa kula, si wale wa usiku.)

Chukua muhogo mtamu, kiasi cha kilo 2. Usichukue muhogo mchungu, kwa sababu una sumu nyingi. Menya, osha, kisha utwange kinuni mpaka ulainike. Tia maji mengi safi, uvuruge kwa mkono. Chuja kwa kitambaa safi na ukamue sana. Yaache maji yale yatulie kwa saa 3 au 4. Wanga utakaa chini, mweupe kama chokaa. Mwaga maji ya juu polepole. Tia maji mengine, vuruga, acha yatulie tena, kisha mwaga. Anika wanga juani, uufunike kwa kitambaa chepesi, maana kuku hawana adabu. Ukikauka vizuri, utie katika chupa yenye kifuniko. Ukinusa uchachu, utupe.

Sasa tupike. Kuna nazi moja. Kamua tui zito kikombe 1, uliweke mbali. Kamua tui jepesi vikombe 2. Tui hili ndilo badala ya maziwa. Katika bakuli, koroga vijiko vikubwa 5 vya wanga kwa maji baridi kidogo. Usitie wanga mkavu katika tui la moto, utafanya madonge.

Bandika tui jepesi. Tia sukari vijiko vikubwa 4, chumvi kidogo sana na iliki iliyopondwa. Huna iliki? Tia kijiti cha mdalasini, au majani mawili ya mchaichai uliyoyafunga fundo. Kwa rangi tia manjano, lakini yaishie kwenye ncha ya kijiko. Yakizidi utakula mchuzi!

Tui likianza kuchemka, mimina wanga huku unakoroga. Usiache mwiko. Ukiona uzito na mng'aro, tia tui zito. Koroga kidogo tena, epua, mimina katika bakuli. Ikipoa itaganda.

Kama sukari ni haba, ponda ndizi mbivu mbili utie mwishoni, na sukari vijiko 2 tu. Sukari guru nayo inafaa, ila kastadi itakuwa ya kahawia. Wageni wakiuliza, waambie waonje kwanza.

Jambo moja nakuonya. Wanga wa muhogo hauchukui nafasi ya unga wa ngano katika keki wala maandazi. Hauna ule mvutano wa ngano, kwa hiyo donge halitaumuka. Ukikosa ngano, roweka mchele, usage, upike mkate wa kumimina.

Kastadi hii ya tui haikai sana. Ukiipika asubuhi, iliwe siku hiyo hiyo.