Juni, Mwezi wa Halmashauri Kutajirika

Nimefanya kazi ya uhasibu katika halmashauri ya manispaa hadi nikastaafu, na nawaambia ndugu zangu: mkitaka kuijua serikali ya mji wenu, ichunguzeni mwezi Juni. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30. Fedha iliyogoma kutoka tangu Septemba hutoka yote ndani ya wiki mbili. Semina huzaliana. Nimewahi kuletewa hati ya malipo ya matairi manne ya gari lililokuwa juu ya mawe tangu mvua za vuli. Nilikataa kusaini, sikupendwa.

Katika fedha hizo, ruzuku ya Hazina inaangaliwa na macho mengi. Mimi nahofia zaidi mapato ya ndani: ushuru wa soko, leseni, ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato hayo ikopeshwe bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuonyesha madeni yasiyorejeshwa. Ikarudi 2024. Sawa, lakini nani amepewa, na nani amelipa?

Majina ya vikundi vilivyokopeshwa, kiasi na marejesho vibandikwe kila robo mwaka sokoni, pale mama muuza nyanya anapokatiwa risiti ya mashine ya POS. Si kwenye ubao wa kioo chenye kufuli, ambao funguo zake anazo mtendaji, naye yuko semina.