Wembe Mgeni Mkononi

Mwezi huu nimeyaweka kando mambo ya bustani niliyowaahidi, kwa sababu mwalimu mmoja kijana ameniletea swali ambalo naona lawahusu vijana wengi pamoja na nyumba zao.

Kijana huyu alianza kunyoa ndevu kwa wembe wa kukunja miezi mitano iliyopita, akitumia wembe wa baba yake. Wembe ule ni wa Sheffield, Uingereza: mzito, mgongo wake mnene, na ubavu wake washuka moja kwa moja mpaka kwenye makali kama kabari. Sasa mjomba wake amempa wembe mwingine, wa Solingen, Ujerumani, uliochimbwa mbavuni pande zote mbili, hata karibu na makali chuma chake ni chembamba kama karatasi. Watu wote wamwambia kwamba huu ni bora kuliko ule. Walakini tangu aushike, shingo yake imejaa mikwaruzo na vipele, naye auliza kama mjomba alidanganywa dukani.

Kudanganywa kwawezekana. Huko Ujerumani ilitungwa sheria mwaka 1938 ya kulilinda jina la Solingen, na jina hilo lalindwa hata leo, walakini chapa ni kitu chepesi kuigwa na watu walio mbali. Basi asiusome mhuri peke yake, aujaribu wembe wenyewe. Apake povu la sabuni, anyoe shavu moja tu, hapo chini ya sikio ambapo ngozi imetanda vizuri. Ikiwa wembe wavuta nywele na kumtoa machozi hata hapo, shida ni ya makali. Nyembe nyingi hutoka dukani hazijatiwa makali ya kutosha kunyolea ndevu, nazo zahitaji kinoo laini na mtu ajuaye kukitumia. Lakini ikiwa shavu latoka safi, na shingo peke yake ndiyo inayoumia, wembe hauna neno. Mwalimu wetu alijaribu, akaniletea habari kwamba shavu lilitoka safi kama la mtoto. Basi na tutazame mkono.

Wembe mnene hufanya kazi kwa uzito wake. Ukisha kuulaza shavuni vema, wenyewe hushuka, wala haupindi. Aliyejifunzia huo aweza kuukandamiza kidogo kila siku asijue kwamba anakandamiza, kwa kuwa chuma kile kizito chamvumilia. Wembe mwembamba haumvumilii mtu namna hiyo. Ukiukandamiza, makali yake hupinda kidogo, nao huacha kukata nywele ukaanza kupara ngozi. Kwa hiyo neno la kwanza nililomwambia ni hili: aushike kwa ncha za vidole, si kwa kiganja, na aupe uzito ule tu ulio nao. Nafasi kati ya mgongo wa wembe na shavu iwe kama unene wa mgongo wenyewe, au zaidi kidogo. Akiuinua sana atajikata, akiulaza mno utavuta nywele. Wala asiusogeze kamwe kwa urefu wa makali, kama mtu akataye mkate.

Tena wembe mwembamba una faida moja ambayo wenzake wazito hawanayo sana: hulia. Ukipita katika ndevu husikika sauti nyembamba, kama karatasi inayochanwa polepole chumba cha pili. Kijana huyu aliisikia sauti hiyo akaiogopa, akadhani chuma kina ufa. Si ufa. Anyoe mahali penye kimya, aisikilize. Sauti ikiwa moja, mkono umekaa sawa. Ikikwaruza au ikikatika ghafula, asimame aulaze wembe upya. Wanyozi hodari niwajuao husikiliza zaidi kuliko wanavyotazama.

Liko na jambo la ngozi ya kunolea. Kwa wembe wa baba yake alizoea kuipiga ngozi kwa nguvu, pa! pa!, hata jirani wajue kwamba mwalimu anajitengeneza. Wembe mwembamba hautaki kishindo. Ngozi ivutwe ikazane, wembe ulale wote, mgongo na makali pamoja, mgongo ukitangulia. Na mwisho wa njia ugeuzwe juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali. Mara 30 za kwenda na kurudi kabla ya kunyoa zatosha. Kinoo cha jiwe akiache kwanza. Anayejifunza akikimbilia jiwe kila apatapo kidonda, ataumaliza wembe kabla hajajua kunyoa.

Sasa nafika kwenye vipele, na hapa nataka nikae kidogo, kwa maana ndilo jambo kubwa. Vitabu vingi vya kunyoa viliandikwa na watu wenye ndevu zilizonyoka. Navyo huagiza ngozi ivutwe sana, wembe upite mara ya pili na ya tatu, na mara ya mwisho uende kinyume cha nywele, mpaka uso uwe laini kabisa. Shauri hilo lawafaa wao. Ndevu zetu wengi zimejipinda. Nywele iliyojipinda ikikatwa karibu mno na ngozi huwa na ncha kali. Ikiota, hujikunja na kuingia tena katika ngozi. Na ikiwa ngozi ilivutwa sana wakati wa kunyoa, nywele iliyokatwa hurudi chini ya ngozi, ikatoboa ubavuni mwa kitundu chake pasipo kutoka nje. Hapo ndipo panapovimba, huwa upele, na upele huacha alama nyeusi.

Basi wembe wa mjomba haukumdhuru kwa ubaya wake, bali kwa uzuri wake. Ule wa baba uliacha nywele fupi kidogo juu ya ngozi, naye hakujua kwamba zilikuwa zikimlinda. Huu wakata karibu zaidi. Yampasa aridhike na kidevu kisicho laini sana. Apapase shingo kwa vidole ndevu zikiwa za siku mbili, ajue zimelala wapi, kwa kuwa za shingoni mara nyingi hulala upande au huelekea juu. Alainishe kwa maji ya moto na povu, apitishe wembe mara moja tu, kufuata zilivyolala, ngozi akiishika bila kuivuta kwa nguvu. Na kwa sasa asinyoe kabisa, majuma matatu au manne, mpaka vipele vitulie. Najua mkuu wa shule atamtazama kwa jicho baya. Amweleze. Mwalimu mwenye ndevu fupi zilizopunguzwa kwa mkasi si mchafu.

Liko jambo moja ambalo hakuniuliza, nalo lilinitia hofu kuliko vipele. Alisema kwa kupita tu kwamba mdogo wake sasa anautumia wembe wa zamani, na ya kuwa baba akija kuwatembelea hunyolewa kwa huo huo, na ngozi ya kunolea ni moja kwa wote. Walio nyumba moja huona haya kukataliana wembe, kana kwamba ni kukataliana chakula. Walakini virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, na damu iliyo nyembamba kiasi cha kutoonekana yatosha kuvibeba. Virusi vya UKIMWI navyo hupita katika damu. Kupangusa kwa kitambaa hakuviondoi, na kuuchemsha wembe wenye mpini wa pembe ni kuuharibu mpini. Nimemwomba aseme na mdogo wake kabla ya juma hili kwisha: kila mtu wembe wake, na kila wembe ngozi yake. Wembe wa duka unaotupwa baada ya kazi wamfaa huyo mdogo kuliko urithi wa kugawana. Baba naye arudishiwe wembe wake.

Kabla ya kuurudisha, auoshe na kuukausha vizuri, hasa penye kiungo cha mpini ambapo maji hujificha, aache wazi usiku kucha, kisha aupake mafuta kidogo ya cherehani. Asiufungie ndani ya mfuko wa ngozi. Ngozi hushika unyevu, na wao wakaa karibu na bahari.